Kuminga kwenda Sacramento? DeRozan aondoke kwanza

Tuko Agosti 2025, karibu kila mchezaji wa maana katika NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, ameshajua atavaa jezi gani msimu ujao, na Jonathan Kuminga bado hajui. Golden State Warriors, timu iliyomchagua, hawajaelewana naye kuhusu mkataba. Phoenix Suns wameulizia. Sacramento Kings ndio waliokuja na mzigo mezani. Kwa mujibu wa waandishi wanaoifuatilia ligi hiyo kila siku, Kings wako tayari kumpa Kuminga mkataba wa miaka mitatu wa takriban dola milioni 63 na nafasi katika kikosi kinachoanza, kisha wawape Golden State gadi wao Malik Monk pamoja na chaguo la raundi ya kwanza katika drafti ya 2030, yaani haki ya kuchagua chipukizi anayeingia ligini mwaka huo. Chaguo hilo lina kinga: Kings wakiwa miongoni mwa timu 14 zinazokosa mchujo wa kuwania ubingwa, linabaki kwao. Golden State wanataka kinga iondolewe. Hapo ndipo mazungumzo yalipokwama.

Kuminga amezaliwa Goma, mji ambao Kiswahili ndicho lugha ya sokoni na ya mtaani, na wengi wetu tunamfuatilia kwa jicho la ndugu. Natamani sana kumwona akipata dakika 34 kila usiku, kwa kocha anayemwamini. Ofa ya Sacramento inaonekana kuwa ndiyo hiyo. Hata hivyo nasema Kings wasiifunge biashara hii kabla hawajamwondoa mmoja wa wafungaji wao, DeMar DeRozan au Zach LaVine, na kinga ya lile chaguo la 2030 wasikubali iguswe kabisa. Wakifanya kinyume watamharibia kijana, na wao wenyewe watarudi walikotoka.

Walikotoka tunapakumbuka. Kuanzia msimu wa 2006-07 hadi 2021-22 Kings walikosa mchujo misimu 16 mfululizo, rekodi mbaya kuliko zote katika historia ya NBA. Februari 2022 walimtoa Tyrese Haliburton, kijana wa miaka 21, wakamchukua Domantas Sabonis kutoka Indiana. Mwaka uliofuata ulikuwa wa raha. Walishinda mechi 48, wakamaliza nafasi ya tatu katika kanda ya Magharibi, wakafunga wastani wa pointi zaidi ya 120 kwa mechi, na ile taa ya zambarau juu ya uwanja wao wa Golden 1 Center ikawa inapasua anga kila waliposhinda. Mchujo waliucheza hadi mechi ya saba dhidi ya Golden State, ambapo Stephen Curry aliwapiga pointi 50 nyumbani kwao.

Baada ya hapo wameteremka tu. Msimu wa 2023-24 walishinda mechi 46 na kuishia kwenye mechi za kuwania kufuzu. Kiangazi cha 2024 wakamleta DeRozan. Desemba mwaka huohuo wakamfukuza Mike Brown, kocha aliyewatoa jangwani, wakiwa na ushindi 13 na vipigo 18. Mwanzoni mwa Februari 2025 nyota wao De'Aaron Fox akaenda San Antonio na LaVine akaja kutoka Chicago. Walimaliza na ushindi 40 na vipigo 42, wakatandikwa na Dallas 120-106 nyumbani, meneja mkuu Monte McNair akaondoka, Scott Perry akakalia kiti chake.

Tazama sasa kilichobaki. Sabonis, LaVine na DeRozan watalipwa kwa pamoja kiasi cha dola milioni 114 msimu ujao, katika ligi ambayo ukomo wa mishahara ni milioni 154.6. Karibu robo tatu ya ukomo huo inakwenda kwa watu watatu ambao hakuna hata mmoja anayehesabiwa miongoni mwa mabeki wakali wa ligi. Na LaVine na DeRozan si wageni. Walikuwa pamoja Chicago tangu 2021 hadi 2024, wakaingia mchujo mara moja tu, mwaka 2022, na Milwaukee ikawatoa kwa mechi tano. Sacramento wameununua mchanganyiko ambao Chicago waliujaribu miaka mitatu, na wameununua ukiwa umezeeka. DeRozan ametimiza miaka 36 mwezi huu.

Katika hali hiyo, kijana wa miaka 22 mwenye miguu ya paa anavutia, na ni haki avutie. Tumweke basi Kuminga uwanjani tumtazame.

Msimu uliopita alifunga wastani wa pointi 15.3 katika mechi 47. Alitegua kifundo cha mguu wa kulia mapema Januari dhidi ya Memphis, akakaa nje zaidi ya mechi 30, na aliporudi Golden State ilikuwa timu nyingine. Jimmy Butler alikuwa ameshafika. Kocha Steve Kerr aliona, na alisema hadharani, kwamba ni vigumu kumtumia Kuminga, Butler na Draymond Green kwa wakati mmoja. Sababu inaonekana hata kwa anayetazama kwenye simu. Kuminga hutupa pointi tatu kwa asilimia 30 hivi. Anaposimama kwenye kona kusubiri pasi, mtu anayemkaba anamwacha, anapiga hatua tatu kuingia ndani, anaziba njia ambayo Curry au Butler alitaka kupita. Green naye anaachwa vivyo hivyo. Ukiwa na wachezaji watatu wa namna hiyo, chini ya kikapu kunakuwa na msongamano wa watu saba. Kerr akachagua. Katika mechi ya mwisho ya msimu wa kawaida dhidi ya Clippers, Kuminga hakuingia hata dakika moja. Mechi ya kuwania kufuzu dhidi ya Memphis, hakuingia. Mechi ya kwanza ya mchujo dhidi ya Houston, hakuingia.

Halafu Curry akaumia msuli wa nyuma ya paja katika mechi ya kwanza dhidi ya Minnesota, na mpira ukabidi uende kwa mtu mwingine. Katika mechi nne zilizofuata Kuminga alifunga wastani wa pointi 24.3. Mechi ya tatu alifunga 30, akitokea benchi, dhidi ya moja ya timu zenye ukabaji mgumu kabisa Magharibi. Golden State walifungwa zote nne. Pande zote mbili za mjadala huu zinatumia mechi hizo kama ushahidi, na zote mbili zina hoja: ana uwezo wa kufunga dhidi ya yeyote akipewa mpira na nafasi, lakini pointi zake peke yake hazijabeba timu.

Nafasi ndilo jambo ninalotaka tulitazame kwa makini, kwa sababu hapo ndipo ofa ya Sacramento inaweza kuwa nzuri sana au mbaya sana kwa mchezaji yuleyule.

Uzuri wake unaanzia kwa Sabonis. Huyu ni senta wa namna ya pekee. Ameongoza ligi kwa ribaundi misimu mitatu mfululizo, lakini kazi yake kubwa kwenye mashambulizi ni kusimama juu, mbali na kikapu, akiwa ameshika mpira kama pointi gadi, huku wenzake wakizunguka kwa kasi pembeni yake. Senta wa timu pinzani analazimika kutoka kumfuata, na chini ya kikapu panabaki wazi. Mchezaji gani anahitaji uwazi huo kuliko Kuminga? Anakata kutoka kona, anapokea pasi ya chini akiwa mwendoni, na hakuna wengi katika ligi hii wanaoweza kuruka naye. Tangu aingie NBA, nadhani hajawahi kucheza na senta anayemfaa namna hiyo. Kwa hilo naelewa kabisa kwa nini Perry na kocha Doug Christie wanamtaka.

Ubaya unaanza unapotaja majina mengine manne. Namba moja Dennis Schröder, aliyesajiliwa Julai. Namba mbili LaVine. Namba tatu DeRozan. Namba nne Kuminga. Namba tano Sabonis. DeRozan anaishi palepale kwenye mstari wa mitupo huru, hatua chache kulia na kushoto. Ndiyo ofisi yake kwa miaka 16, na amechuma humo zaidi ya pointi 25,000, kwa hiyo hakuna kocha wa kumwambia ahame leo. Mkabaji wake anasimama hapohapo, katikati ya njia ambayo Kuminga anataka kupita. LaVine anatupa pointi tatu vizuri kupita wote hao, lakini naye anahitaji mpira mkononi. Sabonis anauhitaji pia. Ukigawa mashambulizi ya mechi moja kwa watu hawa, Kuminga anabaki na mabaki: kusimama kona, kusubiri, kuachwa na mkabaji wake. Atakuwa amehama saa mbili kwa gari kwenda kufanya kilekile alichokuwa akifanya San Francisco, tena kwenye timu isiyo na Curry.

Na Keegan Murray atakaa wapi? Huyu alichaguliwa wa nne mwaka 2022, akavunja rekodi ya mitupo ya pointi tatu kwa mchezaji wa mwaka wa kwanza, na leo ndiye mkabaji wao bora miongoni mwa wachezaji warefu. Kuminga akianza namba nne na DeRozan namba tatu, Murray anakwenda benchi. Timu inayotaka kujijenga upya haimweki benchi mtu wa namna hiyo ili kumpisha mchezaji mwenye miaka 36.

Sasa mtoe DeRozan kwenye picha. Murray anahamia namba tatu na kupanua uwanja kwa mitupo yake. Kuminga anapata namba nne na njia iliyo wazi. Sabonis yuko juu na mpira. Schröder na LaVine wako nyuma. Kikosi hicho hakitachukua ubingwa, lakini kila mtu yuko mahali pake, na wawili kati yao wana umri wa kukua pamoja. Kwangu mimi hiyo ndiyo tofauti yote kati ya biashara nzuri na mbaya hapa, ndiyo maana nasema utaratibu wa kufanya mambo una uzito kuliko bei.

Je, DeRozan anauzika? Naamini anauzika, mradi Kings wasitegemee kupata mali nyingi. Mkataba wake ni dola milioni 24.6 msimu huu, na wa msimu unaofuata una dhamana ya milioni 10 tu. Timu inayotaka kupunguza mzigo wa mishahara kiangazi kijacho inaweza kuuona kama nafuu, na timu inayowania mchujo bado inahitaji mtu wa kufunga dakika za mwisho, kazi ambayo DeRozan anaifanya vizuri hadi leo. Wakipata mchezaji mmoja wa kati anayekaba, inatosha. LaVine ni mgumu zaidi. Milioni 47.5 msimu huu, na ana hiari ya kubaki mwaka unaofuata kwa takriban milioni 49. Siyo mkataba ambao simu zitakuwa zinalia kuuomba.

Kuhusu Monk sina wasiwasi mkubwa, ingawa najua mashabiki wa Sacramento wanampenda na wana haki ya kumpenda. Mwaka 2024 aliikosa kwa kura chache tuzo ya mchezaji bora anayetokea benchi, akakataa kwenda kutafuta pesa kwingine, akasaini na Kings miaka minne kwa milioni 78. Msimu uliopita alitoa pointi 17 na zaidi ya asisti tano kwa mechi. Kumtoa kutauma. Lakini ameshafika miaka 27, Schröder ameletwa kwenye kazi inayofanana na yake, na nyuma yao wapo Keon Ellis, Devin Carter na kijana mpya Nique Clifford, ambao bila dakika hawatajulikana ni wachezaji wa aina gani. Mshahara wa Monk wa milioni 18.8 na ule wa Kuminga wa milioni 21 hivi havipishani sana. Kimahesabu inaingia.

Kimahesabu ya Sacramento, namaanisha. Kwa Golden State ni ngumu zaidi, na hapa kuna jambo ambalo mashabiki wengi hawalioni. Kuminga ni mchezaji huru mwenye masharti: Golden State wamempa ofa ya lazima ya milioni 7.9 kwa mwaka mmoja, na wana haki ya kulinganisha ofa yoyote kutoka nje. Kings hawana nafasi chini ya ukomo wa mishahara, kwa hiyo njia pekee ni asaini kwanza Golden State kisha ahamishwe papo hapo. Sheria inataka mkataba wa namna hiyo uwe wa miaka mitatu au zaidi. Na kwa kuwa mshahara wake unapanda ghafla, upande wa Golden State unahesabiwa nusu tu ya mshahara mpya. Wanatoa milioni 21, zinasomeka kama milioni kumi na nusu, halafu wanapokea milioni 18.8 za Monk. Ndiyo maana kila siku unasikia habari za timu ya tatu ya kuziba pengo hilo. Kings nao, wakishamchukua kwa njia hiyo, wanafungwa wasivuke milioni 195.9 za mishahara msimu mzima, hata kwa dola moja. Hiyo ni sababu nyingine ya kumtoa mtu wa mshahara mnene kabla.

Nirudi kwenye chaguo la 2030, ambalo Golden State wanalitaka bila kinga. Kuminga atakuwa na miaka 27 wakati huo. Sabonis atakuwa na 34, LaVine 35, DeRozan 40. Mikataba ya hao watatu wote itakuwa imekwisha. Yaani Golden State wanaomba chaguo la timu ambayo leo haipo, na hakuna binadamu anayeweza kusema itakuwa nzuri au mbovu. Ukitazama historia ya Sacramento tangu 2006, dau la kwamba itakuwa mbovu si dau la kipumbavu. Brooklyn walifanya hivyo mwaka 2013, wakawapa Boston machaguo ya mbali ili wawapate Kevin Garnett na Paul Pierce waliokuwa wakielekea kustaafu. Boston wakayageuza kuwa Jaylen Brown na Jayson Tatum, na mwaka 2024 wawili hao wakawapa ubingwa.

Kama Golden State wanataka kitu cha ziada, kipo. Katika dili la Fox, Kings walipata chaguo la San Antonio la 2027 na la Minnesota la 2031. Lile la San Antonio ningelitoa bila kusita sana. Timu yenye Victor Wembanyama, Fox, Stephon Castle na Dylan Harper haitakuwa mkiani mwaka 2027, kwa hiyo chaguo hilo huenda likaangukia mwishoni mwa raundi ya kwanza. Golden State wanapata chaguo la raundi ya kwanza la kuwaonyesha mashabiki wao, na Sacramento hawaweki rehani mustakabali wao wenyewe.

Wapo wanaosema Kings hawana haki ya kuringa, kwamba mji wao si Los Angeles wala Miami, na mchezaji wa miaka 22 mwenye pete ya ubingwa wa 2022 hawaji kwao kwa hiari kila mwaka. Hoja hiyo naiheshimu, kwa sababu kwa sehemu kubwa ni kweli. Lakini haraka ndiyo imewaponza mara nyingi. Mwaka 2011 walikuwa na chaguo la saba, na usiku ule likatumika kumchagua Mkongomani mwingine, Bismack Biyombo wa Lubumbashi, aliyeelekezwa moja kwa moja Charlotte. Kings walikubali kushuka hadi nafasi ya kumi ili wampate John Salmons, mtu wa miaka 31 aliyewahi kuwachezea. Katika nafasi hiyo ya kumi wakamchukua Jimmer Fredette. Golden State waliwafuata kwenye nafasi ya kumi na moja, wakamchukua Klay Thompson. Mwaka 2018 walimchagua Marvin Bagley wakamwacha Luka Dončić. Na Haliburton waliyemtoa mwaka 2022 ameifikisha Indiana fainali mwezi Juni mwaka huu. Sabonis hajawaangusha, ametimiza kila alichoahidi, lakini kile walichokitoa kwa ajili yake kilikuwa kijana, na walikitoa wakiwa na njaa ya mwaka mmoja.

Safari hii wao ndio wanaomchukua kijana, na hilo ni jema. Kuminga ana hadi Oktoba 1 kuamua kama atasaini ile ofa ya mwaka mmoja ya Golden State. Muda upo. Perry aanze na simu za DeRozan. Akipata mnunuzi, arudi kwa Golden State na Monk pamoja na chaguo la San Antonio, na Kuminga apewe namba nne bila maneno mengi. Asipompata mnunuzi, au Golden State wakiendelea kuidai 2030 bila kinga, Kings wabaki na Monk wao, namba nne aicheze Murray, na Carter na Clifford waachiwe dakika hata kama zitagharimu mechi kadhaa kabla ya Krismasi.